59 mara 509

Juzi mwanangu alinionyesha simu inayogawanya namba yoyote. Nikamwambia aiulize 30,031. Kabla sijapepesa jicho ikajibu: 59 mara 509. Yeye akacheka. Mimi, ndugu yangu, sikucheka.

Namba hiyo mwalimu wetu wa hesabu aliiandika ubaoni Ijumaa moja, miaka ya tisini, kule Sori kando ya ziwa. Akasema kuna namba mbili zinazoizaa zikizidishwa, na atakayezileta Jumatatu ataenda na timu ya shule kwa mashindano Homa Bay. Wenzangu walitaka safari na soda. Mimi nilimtaka mama. Baba alipofariki, mama aliolewa tena huko, akaniacha kwa nyanya, na kwa miaka mitatu nauli ya kunipeleka haikupatikana.

Tuligawanya mpaka jasho likatutoka. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, bado moja tu! Mwalimu, mjanja yule, alikuwa amezizidisha hizo sita zote halafu akaongeza moja, lakini hilo nilikuja kulielewa ukubwani. Wenzangu wakasema anatuchezea, wakaenda kuogelea.

Halafu jua likazama, Sabato ikaingia. Nyanya alikuwa Msabato, na kwake Sabato haikuwa mchezo. Huwashi moto, huoshi sufuria, sembuse kushika penseli! Nikabaki na kichwa changu tu.

Kanisani, mhubiri alipokuwa akiwavusha Waisraeli, mimi nilikuwa kwenye kumi na saba. Zikabaki tisa. Kumi na tisa, zikabaki kumi na moja. Midomo ilikuwa inacheza, na nyanya akaniona. Akanishika bega kwa furaha. "Omba, nyathina," akaninong'oneza, yaani mwanangu. "Mungu anasikia." Weh! Nilijua jehanamu inaningoja.

Hamsini na tisa ilikubali tukiwa tumepiga magoti. Haikubakisha kitu. Badala ya kufurahi nikaanza kuirudia kimoyomoyo, kwa maana ningeibeba kichwani mpaka jioni. Nilikula ugali baridi na omena za jana, vile visamaki vya ziwani. Alasiri ya nyimbo ndiyo iliyonitesa. "Wimbo namba hamsini na tano!" kiongozi anatangaza, nami nafumba macho, nasema yangu, nasema yangu, nikiogopa ile ya wimbo itaifukuza. Jua lilipozama nilikimbia jikoni nikaiandika ukutani kwa mkaa.

Jumatatu mwalimu alitazama jibu langu, akatabasamu, akaandika jina langu. Akampelekea mama habari.

Homa Bay, mama alikuwa langoni, mtoto mgongoni. Nilimwona mimi kwanza. Nikakimbia, nikasimama mbele yake. Akanitazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtoto wa watu.

"Msichana," akasema, "mtoto wangu amekuja na nyinyi?"

"Ni mimi, mama."

Alilia mpaka yule wa mgongoni naye akalia.

Nyanya hayupo siku hizi. Jiko lake lilibomoka na ukuta wake, na kanisa lile la mabati limevunjwa likajengwa la mawe. Mama naye tumemzika. Alinikumbatia mara nyingi baada ya siku ile, na alinipenda, sina shaka. Lakini yule mtoto mdogo ambaye mama alikuwa akimtafuta langoni hakumpata tena, na mimi pia sikumpata.