Muhuri Hewani, Komedi Imeisha

Juzi, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi kwenye ofisi moja hapa Mbeya, dada wa masijala alinyanyua muhuri juu ya barua yangu, akauacha hewani. Bila muhuri, barua ile ni ya kufungia maandazi.

"Wamemharibu!" alimwambia mwenzake. Komedi yao ya kwenye TV ilikuwa imeisha usiku wa jana yake, na mhusika mkuu, yule graduate wa kijiweni asiye na kazi, kapata ajira. "Akiwa na mshahara atachekesha nini?"

"Dada, please!" nikaropoka. "Miaka yote mnamcheka, let him win! Mimi nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta!"

Akanitazama, akatazama cheti changu cha digrii, akacheka, akagonga muhuri.

"Haya, kaka. Ila ukiipata kazi, usije ukaboa."

Niko tayari, ndugu zangu. Niboe mpaka nistaafu.