Siku Niliyoongoza Mchakamchaka wa Kiwandani

Hili sijawahi kulisimulia mbele ya mke wangu, na ninyi mkicheka chekeni taratibu, maana mimi linaniuma mpaka leo.

Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilikuwa kimetoka serikalini kikanunuliwa na mwekezaji, mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo", akaleta utaratibu wake: kila siku saa sita na nusu wafanyakazi wote tufanye mazoezi pamoja nusu saa (nusu saa hiyo aliimega kwenye muda wetu wa kula, si kwenye wake). Wiki ile orodha ya watakaopunguzwa kazini ilikuwa inaandaliwa, nami nina watoto wanne pale Buhongwa, nikataka bosi anione. Alipouliza nani ataongoza, nikanyoosha mkono. Mpumbavu mimi!

Nikawapanga mistari miwili, tukaanza mchakamchaka kuzunguka maghala, bosi yuko nyuma na kaptula yake. Mchakamchaka bila wimbo hauendi, kila aliyesoma shule zetu anajua, nikaimba wa kwanza, nikaimba wa pili, mzunguko wa tatu nyimbo zikaniishia na pumzi pia, mdomo ukautoa wenyewe ule tuliokimbilia shule ya msingi Sengerema:

"Bepari ee!"

"Kupe!"

"Ananyonya nini?"

"Damu!"

"Tumfanyeje?"

"Tumng'oe!"

Nilishtuka, nikataka kubadilisha, lakini watu walishapamba moto, hasa rafiki yangu Mabula wa mizani. "Ludia, kaka, ludia!" Nikarudia. Kilichonimaliza ni bosi mwenyewe: alidhani tunamkaribisha, akawa anaitikia "Kupe!" kwa nguvu kuliko wote huku anapiga makofi, mpaka akina mama wa kuchagua pamba wakakaa chini kwa kicheko. Tuliposimama, akamuuliza katibu muhtasi wake, dada Vero, maana ya neno lile. Vero akaniangalia, akainama, akamwambia.

Bosi hakufoka. Alijifuta jasho akaenda ofisini.

Ijumaa orodha ikabandikwa, jina la kwanza langu. Nikamwomba Mabula twende wote kwa meneja, aseme tu kwamba tuliimba wote.

"Kaka, mimi niliitikia tu," akanijibu, macho yako kwenye mizani yake.

Siku hizi hata kanisani wakitafuta wa kuanzisha pambio, nainamisha kichwa kama nasali. Nimeapa, maisha yangu yote yaliyobaki mimi ni wa kuitikia.