Pamba Kwenye Sensa ya Lori

Nianze na aibu yenyewe ili ipite. Niliita majirani waje waone nilivyoponya injini ya lori letu, na mbele yao hiyo hiyo injini ikachemka mpaka kuku wakahama uwanja. Geji ya joto ilikuwa inasema injini ni baridi kabisa, na mimi nilikuwa bado nahutubia.

Lori lilikuwa la familia. Tuliuza ng'ombe tukalinunua, miaka ile soko la pamba lilipoachiwa. Zamani pamba ilikuwa ya chama cha ushirika tu. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanafika vijijini na mizani zao, wanakimbizana nani afike kwanza, na kila mmoja anatafuta lori. Mimi nikawa dereva, na fundi pia, kwa sababu niliishia darasa la sita na kaka yangu mkubwa alidhani hiyo inatosha kusoma C ya baridi na H ya moto kwenye geji.

Ila hakuwa na imani sana. Alisema wazi, "Msimu huu likikosa kazi, tunaliuza. Ng'ombe wanarudi zizini, na wewe unarudi nyuma yao na fimbo." Mimi na ng'ombe tulishaachana vizuri, sikutaka turudiane.

Jumatano akaja nyumbani karani wa mnunuzi mmoja. Akapanda, akafungua swichi, sindano ya geji ikaruka moja kwa moja mpaka H. Injini haijawashwa hata.

"Bwana, hii itanifia njiani na pamba yangu."

"Injini nzima hiyo, geji ndiyo inasema uongo."

"Basi ifundishe ukweli. Jumamosi tunafungua ununuzi Kiloleli. Nitapita Ijumaa jioni. Isiponyooka, nachukua lile lori la Dutwa."

Lile lori la Dutwa alikuwa analiendesha rafiki yangu wa siku nyingi. Tukikutana barabarani tunatukanana mpaka abiria wake wanaogopa, lakini ni mapenzi.

Alhamisi asubuhi nikaanza kazi, na kwa kweli nilianza vizuri. Nikachomoa waya kwenye sensa, kile kidude kinachokaa kwenye injini kupima joto la maji. Sindano ikaanguka C. Kumbe sensa imeungua ndani. Nikaenda mjini Bariadi kwa muuza vyuma wa mitumba, akachambua rundo lake chini ya turubai, akanipa nyingine.

Nikapunguza maji ya rejeta, nikafungua sensa ya zamani, nikafunga ile mpya. Ikavuja. Uzi wake ulikuwa mwembamba kidogo. Sasa mtu wa kwetu akiona kitu kinavuja, anafikiria nini? Stoo ilikuwa na pamba imejaa mpaka mlangoni. Nikachomoa bonge, nikalisokota, nikalipaka gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, nikaizungushia sensa mpaka ikawa nene kama mtoto wa Juni aliyevishwa masweta. Nikaikaza. Haikuvuja hata tone.

Nikawasha. Sindano C. Dakika tano, C. Nikaita majirani.

Nilikuwa nawaeleza jinsi injini inavyotaka mtu mwenye subira, mke wangu akaniita kutoka jikoni.

"Baba watoto, hilo lori lako la baridi mbona linatoa mvuke?"

Nikageuka. Lilikuwa linapumua kama chungu cha makande. Maji niliyoyapunguza nilirudisha kidumu kimoja tu, mengine nikayasahau kwa furaha ya kuita watu. Nikazima mbio. Jirani mmoja akaniuliza kwa upole, "Na hiyo subira unaipata wapi?" Wengine walicheka mpaka wakakaa chini.

Kichwani sikuwa nacheka. Injini ikiungua, hakuna Kiloleli, kuna fimbo.

Ijumaa ilipoanza nikajaza maji mpaka juu, nikasikiliza injini, ikaitika safi. Mungu aliniokoa hapo. Ila geji bado ilikuwa inasema C, hata injini ikiwa ya moto usiweze kushika. Karani anakuja jioni.

Nikachukua ule waya wa sensa nikaugusisha kwenye chuma cha injini. Sindano ikaruka H. Basi waya mzima na geji nzima. Nikaifungua sensa, nikachukua sufuria.

"Hiyo ya uji!" mke wangu akasema.

"Ya uji ndiyo inapata moto haraka."

"Ukimaliza utainunua mpya, uji wa mafuta ya gari hatunywi."

Nikachemsha maji karibu na lori, nikatumbukiza ncha ya sensa. Waya wa geji nikaufunga kichwani kwake, waya mwingine nikautoa kwenye mwili wa sensa mpaka kwenye chuma cha lori. Sindano ikapanda taratibu, vizuri, kama mtu anapanda mlima na mzigo. Sensa nzima! Nikairudisha kwenye injini na pamba yake. C.

Nilirudia mara tatu. Kwenye sufuria inafanya kazi, kwenye injini imekufa. Jirani yule wa subira akashauri niende kwa mganga wa kuangalia, pengine kuna dereva amenitupia kitu. Nawaambia ukweli, nilianza kutafuta kiatu.

Mke wangu alikuwa amekuja kudai sufuria yake. Akasimama, akaangalia.

"Kwenye sufuria ulifunga waya mbili."

"Ndiyo."

"Hapa naona mmoja. Wa pili uko wapi?"

"Mama, hapa wa pili ni injini yenyewe. Sensa inagusa chuma, umeme unapita humo humo, ndiyo athi."

"Inagusa wapi? Mimi naona inagusa pamba."

Nikainama kuangalia. Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni.

Nikatoa pamba yote na gundi yake, nikakata washa ya shaba, pete ya kuzibia maji badala ya pamba, nikakaza sensa chuma kwa chuma. Nikawasha. Sindano ikapanda, ikafika katikati, ikatulia. Nilikaa kwenye kiti cha dereva naiangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa jana, nimeshiba raha.

Karani alipofika, akachungulia, akasema tu, "Saa kumi na mbili asubuhi, Kiloleli."

Tulibeba pamba msimu mzima, na kaka hakutaja ng'ombe tena. Mke wangu alipata sufuria mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

Wiki ya pili nikakutana na rafiki yangu wa Dutwa njiani. Habari zote alishazipata, majirani zangu hawana breki. Akasimamisha lori lake sambamba na langu, hata hakunisalimu.

"Wewe usijisifu. Kazi ya Kiloleli hukuninyang'anya wewe. Kaninyang'anya shemeji yangu, na mwambie msimu ujao akichoka na wewe, kwangu kuna kiti."