Rang ya Mama

Mama yangu alikuwa akitia nguo rangi uani kwetu Kanyenye. Baba alikuwa seremala wa mabehewa katika karakana ya reli, na wote wawili walitoka Punjab. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Tabora. Ndani tulisema Kipunjabi, nje Kiswahili, na neno rang lilitoka nasi mlangoni bila shida, kwa kuwa wenzetu nao walisema rangi. Nilikua nikidhani ni neno lile lile.

Miaka michache baada ya uhuru, siku moja Baba alirudi kutoka kazini kabla ya saa, akaketi kwenye ngazi bila kuvua viatu. Mama alimtazama, akamwita jirani yetu, mama wa Kinyamwezi aliyezoea kumletea kanga zilizopauka.

"Rangi yake imeruka," Mama akamwambia.

Jirani akaingia kwake, akarudi na chumvi kiganjani. Alidhani kuna nguo inayochuja. Mama akamnyooshea Baba kidole. Jirani alipouona ule uso wa majivu alikwenda mbio kutafuta gari la hospitali. Baba aliishi siku tisa tu baada ya hapo.

Katika wiki zile za matanga ndipo Mama, au Biji kama tulivyomwita, aliponieleza neno lile.

"Kwetu rang ni ya nguo, na ni ya uso. Ni furaha pia. Watu wakikaa pamoja wakachangamka, tunasema pana rang. Mtu akipenda, tunasema rang imemwingia. Mimi yangu imekwisha."

Tangu hapo alivaa nyeupe, kama wajane wa kwao. Nguo za wengine aliendelea kuzitia rangi, mpaka unga wa rangi ukaadimika madukani na maduka yenyewe yakaanza kufungwa. Jamaa zetu waliondoka familia moja moja. Kaka alikwenda Uingereza akiahidi kutuita. Aliandika barua kwa muda, kisha akanyamaza.

Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi. Biji aliona niolewe kabla hatujabaki peke yetu. Mama mmoja akaja kutoka Mwanza kunitazama kwa ajili ya mwanawe. Nilimimina chai, nikakaa. Akazungumza na Biji kana kwamba sipo.

"Msichana ana adabu. Ila rang yake, dada."

"Imefanyaje?"

"Imeungua na jua la huku."

Nilimtazama Biji nikingoja ajibu. Akasema, "Itarudi. Nipe miezi miwili."

Kuanzia kesho yake, kila nilipotoka shuleni alinisugua uso na mikono kwa unga wa dengu, manjano na maziwa.

"Biji, inauma."

"Vumilia, mwanangu."

Siku moja jirani aliiona mikono yangu imechubuka. Nilimwamkia shikamoo, akasahau kuitikia.

"Mwenzangu, mtoto kakosa nini?" akamuuliza Mama.

Biji alichota unga mwingine. Aliendelea kusugua.

Miezi miwili ikapita, hapakuja mtu wala barua. Baadaye tukasikia ile familia ya Mwanza nayo imehamia Kanada. Biji alinisugua wiki moja zaidi, kisha akaweka bakuli chini.

"Hakuna tena wa kuja kukuona," akasema.

Sikumlilia yule kijana, sikuwahi hata kumwona. Nililia kwa sababu mama yangu alizijua maana zote za lile neno, na siku ile mbele ya mgeni alishika hiyo moja ya ngozi.

Nilihamishiwa Lusu, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, kufundisha watoto asubuhi na watu wazima jioni. Biji alikataa kuja. Kila likizo nilimkuta amepungua maneno. Alifariki mimi nikiwa huko. Jirani ndiye aliyemwosha, na nilipofika Tabora hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulia naye kwa Kipunjabi.

Nilirudi Lusu baada ya wiki. Jioni moja niliandika neno rangi ubaoni, darasa la watu wazima likalisoma kwa pamoja. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lina maana nyingine?"

Nilijaribu kukumbuka Biji alivyonieleza, kwa lugha yake. Kipunjabi hakikuja ulimini.

"Halina," nikamwambia, nikafuta.