Mpishi Asiye kwenye Orodha

Kli, kli, kli, halafu kimya. Ndivyo kengele ya mbuzi ilivyokatika nyuma ya nyumba yao Goma, Anaclet akiwa na miaka tisa. Mbuzi alikuwa ameingia katika shimo la mawe meusi, mawe yaliyotapikwa na volkano. Kaka yake, Prodige, alishuka kumtoa, akapiga magoti kama mtu anayesali, akalala. Anaclet alipokimbia kumfuata, baba yake alimwangusha kwa fimbo, akamchapa miguuni mpaka akashindwa kusimama. Watu wa Goma wanaijua hewa ile nzito inayotuama mashimoni asubuhi zisizo na upepo. Wanaiita mazuku. Haina rangi. Anayeingia harudi, na anayemfuata harudi. Aliyebaki juu ana kazi moja tu: kumpiga wa pili.

Durban alifika mwaka 2008, na mwezi wa Mei kundi la watu likamvunja taya kwa sababu ni mgeni. Akapona, akaoa. Alilinda magari nje ya maduka ya Overport, akapika kwenye harusi za Wakongo. Karatasi yake ya ukimbizi ilimruhusu kuishi Afrika Kusini, lakini haikumruhusu kutoka. Anayetoka amejifukuza mwenyewe, na katika faili hilohilo walikuwamo mkewe Deborah na watoto wao wawili, kule mtaa wa Sydenham.

Hata hivyo, Julai 2012 alikubali kutoka kwa siri. Jeff, Mkenya wa Queensburgh, pembeni mwa Durban, mwenye boti ya tanga, alizoea kuikimbia baridi kwa kwenda Komoro kuuza simu za mitumba kisiwa kwa kisiwa. Msaidizi wake alikuwa Doudou, mtu wa Lubumbashi, jirani wa Anaclet kule Sydenham, mwenye pasipoti.

"Kuya twende, kaka," Doudou alimwambia. "Huku tunatetemeka, kule iko jua. Utapika tu."

Basi bandarini majina yaliandikwa mawili, na wa tatu alilala chini ya rundo la matanga mpaka Durban ikabaki nyuma. Sharti la Jeff lilikuwa moja: mpishi asikanyage nchi ya mtu.

Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, aliiona akimenya viazi. Mlima ulipanda kutoka baharini ukavaa wingu, na upepo vuguvugu ulileta harufu ya maua na karafuu.

"Wewe ni Musa, kaka," Doudou alimcheka, akirudi na nazi begani. "Nchi ya ahadi unaitazama kwa macho tu."

Baada ya kisiwa cha Mwali walitia nanga kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, mawe matupu meusi. Hakukuwa na upepo asubuhi hiyo. Bahari ilikuwa laini kama mafuta. Jeff na Doudou walipiga kasia mpaka ufukoni kwa mtumbwi, kuokota kuni zilizoletwa na maji. Mara Doudou akapaza sauti.

"Eish! Iko nyama ya bure! Mbuzi amelala shimoni!"

Kisu kilimponyoka Anaclet kule botini. "Doudou, usishuke! Ni mazuku!"

"Mazuku ni ya kwenu Goma! Huku ni vakanse, likizo!"

Akashuka akicheka. Akashika pembe ya mbuzi. Akapiga magoti.

Jeff alitupa mzigo wa kuni akakimbia. Anaclet alikuwa tayari majini. Alinyakua kasia kwenye mtumbwi, akamfikia Jeff hatua tano kabla ya ukingo wa shimo, akampiga nyuma ya magoti. Jeff aliinuka, akamtia ngumi ya mdomo, akamng'ata bega mpaka damu. Kasia likashuka tena, na mkono wa Jeff ukavunjika kama ukuni mkavu.

"Anapumua!" Jeff alilia. "Niachie, mbwa wewe, anapumua!"

Ilikuwa kweli. Kisigino cha Doudou kilikuwa kikikwaruza mawe. Anaclet alimkalia Jeff kifuani, akambana koo kwa kasia, huku akitazama kisigino kile. Kilikwaruza. Kikakwaruza. Kikatulia.

Upepo ulipoanza, mchana, walimvuta Doudou kwa kamba na ndoana, wakamzika kwa mawe kwa mikono mitatu. Siku ya nne baharini, Jeff alimgeukia mpishi wake.

"Tutasema wimbi lilimchukua. Nikisema ukweli, wataniuliza nani alinivunja mkono. Wewe hukuwepo. Unaelewa? Rudi kwa watoto wako."

Durban waliingia chini ya mvua ya baridi. Anaclet, chini ya matanga yaliyolowa, alisikia viatu vya maofisa gatini, kisha sauti ya Félicité, mke wa Doudou.

"Bwana yangu iko wapi?"

"Wimbi, mama. Lilimtupa baharini. Pole sana."

"Unadanganya! Doudou anaogelea kama samaki!" Anaclet alisikia pigo, na Jeff akapiga ukelele; alipigwa kwenye mkono uleule uliovunjika. "Nipe mwili! Nitafanya matanga ya maji? Nitalia nikitazama wapi? Niambie, nitazame wapi!"

Ofisa alimkamata, Félicité akamkwaruza uso, wakaanguka wote wawili juu ya mbao za gati. Ingemtosha Anaclet kulala kimya nusu saa tu, kisha apande teksi ya kwenda Sydenham. Deborah angekuwa anasonga ugali.

Aliyasukuma matanga, akatoka.

"Na huyu nani?" ofisa alifoka akiinuka. "Orodha ina watu wawili! Wewe, karatasi zako!"

Jeff aligeuza uso. Anaclet aliruka gatini, akapita mbele ya ofisa, akachuchumaa kwenye maji ya mvua karibu na sikio la Félicité.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ambayo mvua ilikaribia kuimeza, "hakuzama. Nilimzika kwenye nchi kavu, na mahali penyewe napajua. Alikuwa bado anapumua, Jeff akataka kumfuata. Ni mimi niliyemzuia."