Pomadi Ambayo Si ya Kupakala

Mimi sina mdomo wa kusifu. Mtu akipika vizuri ninakula, akipika vibaya ninasema. Watoto wangu wamenizoea hivyo. Lakini kuna mjukuu mmoja nitakayemsifu hapa kwa kalamu, kwa sababu kwa mdomo sijamwambia mpaka leo. Na sifa yenyewe inatoka kwenye kitu kidogo: tube ya dawa ya vipele, ndefu kama kidole changu cha kati.

Alinifikia Uvira katika vita, akitoka Runingu. Shule yao kule bondeni ilifungwa, askari walilala madarasani na kupikia mbao za madawati. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alibaki na wadogo na shamba la mihogo. Alinitumia huyu mkubwa na mfuko mmoja wa nguo na neno moja: "Mama, huyu amalize." Alikuwa katika mwaka wa sita wa sekondari, ule wa mtihani wa serikali. Mimi niliachia darasa la tatu. Mama yake aliachia alipopata mimba yake ya kwanza. Katika nyumba yangu hakuna msichana aliyewahi kufika kwenye mtihani ule. Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: huyu afike.

Sasa, uso wake. Sisemi vile vipele viwili vitatu vya ujana ambavyo kila mmoja wetu amepitia. Vyake vilikuwa vigumu, vingine na usaha, vimefuatana kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye taya, na kila kilichokauka kiliacha alama nyeusi. Wanafunzi wa mjini walimpa jina. Barabara yetu inayopanda bondeni kwenda Katogota tunaiita Nasionali, na aliyepita humo anajua jinsi gari linavyotoka kwenye shimo likapanda tuta, likatoka kwenye tuta likaanguka kwenye shimo. Basi mjukuu wangu akiingia darasani, mmoja anapaza sauti kutoka nyuma: "Shoferi, punguza mwendo! Nasionali inaingia!" Na darasa zima linacheka.

Wiki ya tatu alikataa kwenda. Nilimkuta kitandani amejifunika kitenge hadi kichwani.

"Koko," aliniambia, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi bibi zao, "minye sirudie kule masomo."

"Weye unaandikaka na kalamu ao na shavu?"

"Na kalamu."

"Basi kalamu iko na vipele?"

Nilifikiri nimemaliza. Lakini kesho yake hakwenda, na kesho kutwa hakwenda. Prefe, mkuu wa shule, akatuma neno: orodha ya watakaofanya mtihani inafungwa baada ya wiki saba, na asiyeonekana darasani kabla ya siku hiyo, jina lake haliandikwi. Mimi nikaanza kupigana na ule uso. Limau na chumvi. Dawa ya meno. Sabuni ya kufulia, na hapo nilimsugua kama sufuria iliyounguza bugali. Alilia kimya, na vipele vikabaki palepale.

Ndipo nikampeleka kwa mama muganga wa kituo cha afya cha jirani, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimwangalia usoni, kisha akamwuliza bila kuzunguka: "Dada, uko na mimba?"

Nilisimama. "Weye mama, minye nimekuleteya vipele, siyo tumbo! Mutoto wangu umemuona wapi?"

"Mama, ikala. Kila musichana namuuliza. Hii dawa haipatane na mimba hata kidogo."

Mjukuu wangu akasema hana, na kama dunia ingekuwa na haki ningempiga muganga kwa kandambili. Lakini alikuwa anajua kazi yake. Aliandika jina la dawa kwenye karatasi. Farmasi zetu hazikuwa nayo. Mwanamke mmoja wa Kavimvira, mwenye kuvuka mpaka na bidhaa, alituletea kutoka Bujumbura. Mama muganga alisema ni pomadi ya vipele, apake kidogo jioni. Mengine aliyosema sikuyasikia, kwa sababu mimi nilishasikia neno ninalolijua: pomadi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ninalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Kwetu pomadi ni mafuta ya kupaka baada ya kuoga. Mtoto wa mtu haendi nje akiwa amepauka. Ukimwona mtoto ana magamba meupe miguuni, hupaswi kumwuliza mama yake kama ana shida. Unajua ni mvivu. Mimi nimelea watoto kando ya ziwa hili kwenye upepo wa kiangazi, na hakuna aliyetoka mlangoni kwangu bila kung'aa. Kwa hiyo asubuhi, alipotoka kuoga, nilimkalisha kwenye kibao, nikakamua ile tube, nikampaka kama ninavyojua kupaka: uso, masikio, shingo, hata mikono kidogo isione wivu. Alipofungua mdomo nikamwambia: "Nyamaza. Fumba macho." Kisha nikamtuma mchangani kuanika ndagala, samaki wetu wadogo, kwenye jua la saa nne.

Siku tatu tulifanya hivyo. Ya nne ngozi yake ilianza kubabuka. Ilitoka kama ganda la kitunguu, kwenye pua na pembeni za mdomo, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, inawaka. Mimi niliona nini? Niliona amepauka. Nikachukua mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, nikampaka juu yake, mazito.

Jirani yangu wa kuanika samaki alituona tukiteremka. Huyo mdomo wake haujui mlango.

"Eee, mama! Sasa weye pia unachubua mutoto? Unatafuta mujukuu muzungu?"

Wanawake wote wa mchangani waligeuka. Mimi niliyekuwa ninawasema wasichana wanaojichubua kwa mkorogo, niliyewaambia mbele ya kanisa kwamba Mungu hakukosea rangi, leo ninaambiwa hivyo juu ya ndagala zangu. Nilirudi nyumbani mbio. Nilichukua ile tube nikaelekea chooni kuitupa shimoni.

Mjukuu wangu alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono hivyo.

"Koko, usitupe. Haiko pomadi ya kupakala. Ni dawa."

"Nani amekuambia?"

Alitoa chini ya godoro karatasi iliyokuwa imekunjwa ndani ya kile kisanduku cha tube, maandishi madogo kama mayai ya chawa, Kifaransa kitupu. Alikuwa ameisoma yote. Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mistari: ipakwe jioni kwenye uso uliooshwa na kukauka. Kidogo sana. Isiguse macho wala pembe za mdomo. Jua liepukwe. Ngozi inaweza kubabuka, na vipele vinaweza kuongezeka kwanza kabla ya kupungua.

"Na ulijua hayo yote tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukunisemea?"

"Koko, uliniambia ninyamaze, nifumbe macho."

Niliketi kwenye kile kibao nilichomkalisha yeye.

Tulirudi kwa mama muganga. Alipomwona alishika kichwa, na nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. "Mama, pomadi ya soko ni mafuta. Pomadi ya hapa ni dawa. Neno moja, vitu mbili. Kosa ni yangu pia, ningekuonyesha na kidole." Alisema apumzike mpaka uso upoe, halafu aanze tena, jioni moja apake, jioni moja aache. Kiasi cha punje moja ya mahindi kwa uso mzima. Na yale mafuta yangu ya mise, usoni yasifike tena.

"Na atapona lini?"

"Miezi mitatu, hivi. Akivumilia."

Miezi mitatu. Na orodha ya prefe ilibaki na wiki tano. Nilihesabu njiani kwa vidole na hesabu haikukubali.

Sasa ndiyo sehemu ya kumsifu.

Mimi nilichukua kazi ya jua. Niliteremka mwenyewe kuanika ndagala, na jirani aliponiuliza muzungu wangu yuko wapi nilimwambia anasoma, na kama anataka kuchubuliwa naye alete uso. Mtoto alibaki kivulini na madaftari, na akitoka alivaa kofia ya majani niliyokuwa ninalimia. Jioni, akimaliza kuosha vyombo, alinawa uso kwa maji na sabuni ya mtoto, akangoja ukauke. Kungoja kwenyewe mimi nilikuwa ninakuona ni mchezo. Kisha alichota punje moja ya mahindi, kweli punje, na mwanzoni alikuwa ameweka punje yenyewe mezani ili apime. Nukta moja kwenye paji, moja kila shavu, moja kidevuni, halafu anasambaza kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu.

Na vipele vikaongezeka. Kama karatasi ilivyosema. Wiki ya pili ya kuanza upya uso ulikuwa mbaya kuliko siku aliyotoka Runingu. Mimi ningeacha. Ninasema kweli, mimi mwanamke niliyezika mume na watoto wawili, ningeitupa ile tube. Nilimwambia tuache. Alisema, "Karatasi imesema, koko," akaendelea.

Ikaja wiki ya masasi, ndizo risasi. Walipigana upande wa kaskazini, mpaka ukafungwa, mabomba yakakauka, na maji tukawa tunayateka ziwani kwa kuvizia. Alasiri moja tulilala sakafuni kati ya kuta mbili toka saa saba hadi jua kuteremka, yeye amelaza kichwa kwenye mgongo wangu. Kulipotulia, aliinuka, akapangusa magoti, akachukua kikombe cha maji.

"Unafanya nini?"

"Ninanawa. Leo ni jioni ya dawa."

"Maji ya kunywa hayo!"

"Ni yangu, koko. Chai ya leo sitakunywa."

Alinawa kwa nusu kikombe, akangoja ukauke, akachota punje yake. Nukta ya kidevuni ilienda upande. Aliifuta akairudia vizuri. Sijui nyinyi mnaita nini kitu hicho. Mimi nimewaona wanaume wenye bunduki na sikukiona kwao.

Masomo yaliporudi zilibaki siku mbili orodha ifungwe. Uso ulikuwa bado unabanduka, vipele vimeanza tu kulala upande mmoja. Nilikuwa nimeogopa, na nikiogopa ninafagia. Nilikuwa ninafagia uwanja alipotoka amevaa shati jeupe na sketi ya buluu, bila kitenge.

"Unaenda wapi?"

"Masomo."

"Na uso?"

"Dawa ifanye kazi yake, koko. Minye ninaenda kufanya yangu."

Nilimfuata kwa mbali, nikasimama nje ya ukuta wa shule kama mwizi wa maembe. Dirisha la darasa lao halina kioo, unasikia kila kitu. Alipoingia, yule wa nyuma hakukawia: "Shoferi! Nasionali imerudi!"

Kicheko kikaanza. Kisha nikasikia sauti ya mjukuu wangu, bila haraka: "Iko mu matengenezo. Pita pembeni."

Darasa lilicheka tena, lakini safari hii alicheka nao, na hata yule kijana nilimsikia anacheka. Mwalimu akagonga meza. Jina lake likaandikwa siku ile. Mimi nilirudi kwa ndagala zangu nikakuta kunguru wamezila nusu, na sikuwafokea.

Dawa ilifanya kazi yake kweli. Mwezi wa tatu vipele vipya viliacha kuja. Mpaka ulikuwa haujafunguka kwa bidhaa, tube ikawa bapa, naye akaipasua kwa wembe akawa anachota ndani kwa ncha ya kiberiti iliyofungwa pamba, jioni moja ndiyo, jioni moja hapana. Alama nyeusi zilibaki, nyingine zipo mpaka leo. Ngozi yenyewe ilikuwa laini, nami nilikuwa ninaiangalia akilala, kwa siri.

Asubuhi ya mtihani alioga mapema. Nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya mise. Alininyooshea mikono nikampaka, akaninyooshea miguu nikampaka hadi vidole. Nilipofika usoni, mkono wangu ulienda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote.

"Uso hapana, koko."

Nilifunga chupa. Akachukua kalamu zake mbili na kofia yangu ya majani, akatoka. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka kwenye kona. Ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba yangu kwenda mtihani ule, na ndiye wa kwanza kutoka mlangoni kwangu na uso usiopakwa mafuta, na sikumrudisha.