Kibao Nyuma ya Msalaba

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka samaki wakavu kutoka Ggaba hadi Kongo. Safari ya mwisho homa ilimshika njiani, akafa, akazikwa hukohuko. Turniboi wake, msaidizi wake wa lori, alimtumia mjomba wetu picha moja: kaburi, msalaba, na nyuma yake kibao cha kanisa chenye jina la kijiji. Mengine, alisema, atatusimulia akirudi. Hakurudi, na mpaka leo simu yake haipatikani.

Mama hakudai makubwa. Kwao kaskazini, akizikwa mtu ugenini, nyumbani huletwa walau udongo wa kaburi lake. Jirani yetu hapa Nakawa, mama wa Kikongo anayeuza vitenge, alijitolea. "Mama, unipatie tu jina ya kijiji. Udongo nitakuletea mimi mwenyewe."

Jina si liko kwenye kibao? Liko! Lakini mjomba, Mungu amsamehe maana mimi bado, alishindwa kuiacha picha ilivyo. Akaipunguza ukubwa, akaitia kwenye fremu ya maua, mishumaa na njiwa wawili, chini akaandika kwa herufi nene: PUMZIKA KWA AMANI. Hiyo ndiyo aliyoitupia kwenye kundi la ukoo, watu wakalia, wakamsifu. Ile ya kwanza akaifuta, eti simu imejaa. Nilipompigia alinijibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu." Angekuwa si mjomba, ningemtukana.

Mimi kazi yangu, kwenye ofisi moja Nakasero, ni kuingiza majalada ya zamani kwenye kompyuta kwa programu inayosoma maandishi ya pichani. Nikasema nijaribu. Mama akanifuata hadi mezani kwangu, amevaa kitenge chake cha kanisani, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Nikaikuza picha. Kibao kikasogea. Nikaikuza tena, herufi zikavunjikavunjika, zikabaki vipande vya rangi ya udongo. Kisha kitufe cha kukuza kikawa kijivu.

"Ongeza," mama akasema.

"Imefika mwisho, mama."

"Mwisho gani? Mbona hao njiwa nawaona?"

Najua kwa nini wenye programu wameweka kikomo: ukivuta zaidi ya hapo huongezi kitu, unatandaza ukungu uleule. Wageni wa ofisi nawaeleza hivyo kila siku, kwa sauti ya upole. Siku hiyo nilikibonyeza kile kitufe kilichokufa mpaka kidole kikaniuma. Mashenzi!

Mwishowe nikaiamuru programu isome ilichoweza. Ukaja mstari mmoja, safi, bila kosa hata la herufi moja.

"Imesoma?" Mama akanishika bega. "Imesema nini?"

"Pumzika kwa amani."

Mama aliitazama skrini, akanitazama na mimi.

"Wapi?" akauliza.